Jina Kwenye Lebo ya Santuri: Maisha na Kazi ya Kurtis Blow

(Hotuba mbele ya wanafunzi wa utayarishaji wa muziki, Dar es Salaam)

Ndugu mwenyekiti, walimu, wasanii wenzangu, na ninyi vijana wa studio mliojitokeza jioni hii,

Nimeombwa nizungumze juu ya msanii mmoja wa awali wa hip-hop ambaye pia alikuwa mtayarishaji, na nikaachiwa nimchague mwenyewe. Nimemchagua Kurtis Blow wa Harlem, New York, ingawa najua kwamba wengi wenu mlitarajia jina jingine. Wapo wa rika lake waliokuwa na ulimi mkali kumshinda, na wapo waliozijua mashine za studio kumshinda. Hata hivyo, yeye ndiye rapa wa kwanza kutia saini mkataba na kampuni kubwa ya kurekodi, na mtu anayetaka kuelewa jinsi burudani ya kumbi na viwanja vya mtaani ilivyogeuka kazi yenye mikataba, mirabaha na majina yanayoandikwa au kusahaulika, hana budi kuanza naye. Ninachowaomba usiku huu ni kuisoma kazi yake kama inavyosomwa lebo iliyo katikati ya santuri, pale yalipoandikwa majina kwa herufi ndogo.

Kurtis Walker, kama alivyoitwa na wazazi wake, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1959 huko Harlem. Alipofikisha miaka kumi na minne, ng'ambo ya mto, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue huko Bronx, kijana mwenye asili ya Jamaika aliyejulikana kama Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya Agosti 1973 ambayo hadi leo huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip-hop. Herc alikuwa amegundua kwamba wachezaji husubiri kile kipande kifupi cha santuri, kiitwacho breki, ambapo waimbaji hunyamaza na ngoma zikabaki peke yake, naye akawa anakirefusha kwa kutumia nakala mbili za santuri ileile. Hayo ndiyo ya Bronx, na kila mwandishi huyasimulia. Yanayosahaulika ni kwamba Harlem nayo ilikuwa na madarasa yake, yaani kumbi za watu wazima waliovaa vizuri na kulipa kiingilio, ambako madijei kama Pete DJ Jones na DJ Hollywood walitawala, na Hollywood hasa alikuwa na sauti laini, ya kubembeleza, ambayo ilimfanya kila aliyekuwa ukumbini aitikie.

Kurtis alinywa katika visima vyote viwili. Alianza kwa kucheza breki, akaingia kwenye kupiga santuri, na mwisho akashika maikrofoni. Mkisikiliza rekodi zake mtagundua jambo ambalo wachanaji wengi wa leo wamelipoteza: kila neno linafika. Sauti yake ni nzito, ina kifua, na haikimbizani na mdundo. Aliizoesha katika kumbi ambazo mtu wa nyuma kabisa, mwenye glasi mkononi na rafiki anayempigia soga sikioni, alipaswa kusikia na kujibu.

Katika City College, chuo kilichoko palepale Harlem, alikutana na mwanafunzi mwenzake kutoka Queens aliyeitwa Russell Simmons. Simmons hakuwa mwimbaji wala dijei. Alikuwa mwandaaji wa madisko, mtu wa kubandika matangazo na kukodi kumbi, naye aliona haraka kwamba rafiki yake anaweza kuuzwa. Huyo ndiye aliyekuwa meneja wake, na jina Kurtis Blow lilichukua nafasi ya Kool DJ Kurt. Simmons alikuwa na mdogo wake, Joseph, mtoto wa shule bado, ambaye alipewa kazi ya kupiga santuri nyuma ya Kurtis na kutangazwa jukwaani kama mwana wa Kurtis Blow. Mkumbukeni mtoto huyo, kwa sababu tutakutana naye tena baada ya miaka michache, akiwa si mtoto.

Sasa tufike mwaka 1979, ambao ndio nataka tuutazame kwa karibu.

Robert Ford alikuwa mwandishi wa gazeti la biashara ya muziki la Billboard, na mwaka uliotangulia alikuwa ameandika habari fupi kuhusu vijana wa Bronx waliokuwa wakisaka santuri za zamani kwa ajili ya vipande vya ngoma. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa kuhusu jambo hilo kuchapishwa katika gazeti la kitaifa. Ford alikuwa anatarajia mtoto, na alihitaji pesa. Mwenzake wa ofisini, J.B. Moore, alikuwa mtu wa matangazo na mpenzi wa mashairi. Hesabu yao haikuwa ya kisanii hata kidogo: waliona kwamba wimbo wa Krismasi ukishapata nafasi huuzwa tena kila Desemba, na kwa hiyo mwenye hati yake hulipwa kila mwaka. Wakaamua kutengeneza wimbo wa Krismasi wa kughani, na Simmons akahakikisha kwamba anayeughani ni Kurtis.

Wimbo huo, "Christmas Rappin'", una sehemu mbili zinazoonekana wazi. Mwanzoni tunasikia hadithi aliyoitunga Moore, ikianza kwa kulitania shairi maarufu la usiku wa kuamkia Krismasi na kuendelea na mzee wa zawadi kuingia kwenye sherehe ya Harlem. Baadaye hadithi inakwisha na Kurtis anaachiwa uwanja, akitumia mistari ya kuchangamsha watu aliyokuwa ameizoea kumbini. Muziki wote umepigwa na watu. Hakukuwa na mashine ya kunasa vipande vya sauti kutoka santuri nyingine, kwa hiyo ilibidi bendi ikae studioni na kupiga kile ambacho dijei angekipata kwa mikono yake. Kwenye gitaa la besi alikuwapo Larry Smith, kijana wa Queens. Nawaomba mlishike jina hilo pia.

Kampuni nyingi ziliukataa. Inasimuliwa kwamba kambi ya Simmons ilifikia hatua ya kupeleka maagizo ya bandia kwenye mfumo wa usambazaji wa PolyGram, ili ionekane kwamba maduka yanaulizia santuri ambayo kampuni haikuwa nayo. Mimi siwafundishi mbinu hiyo, lakini siwezi kuificha. Mwishowe aliyefungua mlango alikuwa Mwingereza, John Stainze, aliyekuwa akitafuta wasanii kwa niaba ya Mercury, kampuni iliyokuwa chini ya PolyGram. Mkataba wenyewe ulikuwa wa tahadhari: wimbo mmoja kwanza, ukiuzwa urekodiwe wa pili, na wa pili ukiuzwa ndipo albamu ifikiriwe. Wakati huohuo wimbo wa Sugarhill Gang kutoka kampuni ndogo ya New Jersey ulikuwa umeshaiteka redio, na wakuu wengi wa kampuni kubwa waliamini kwamba huo ni mzaha wa msimu mmoja. Kwa hiyo Kurtis hakupewa mkataba wa msanii anayeaminiwa. Alipewa mkataba wa mtu anayejaribiwa, akiwa na miaka ishirini.

Alifaulu jaribio la kwanza, na la pili likaitwa "The Breaks", mwaka 1980. Ndani yake Kurtis anaorodhesha mikosi inayomwandama mtu mmoja: mke amekimbilia Japani na mwanamume mwingine, watu wa kodi wanataka maelezo kwa nini ameombea nafuu ya kodi kwa ajili ya paka wake, kampuni ya simu imeleta bili yenye simu 18 za kwenda Brazil, fedha amekopa kwa majambazi, na jana yake amepoteza kazi. Wasikilizaji wa Harlem na Detroit walicheka kwa sababu bili na kodi walizijua, ingawa Brazil hawakuwahi kupiga simu. Katikati ya mistari, umati ulio studioni unaitikia, na mara kadhaa bendi nzima inanyamaza na kuacha ngoma za mkono zikizungumza peke yake. Hapo ndipo pana ufundi wa utayarishaji. Kool Herc alichukua muziki wa bendi na kuukata kwa santuri mbili. Ford na Moore walichukua kazi ya dijei na kuirudisha kwenye bendi, wakamwagiza mpiga ngoma Jimmy Bralower na wenzake wapige kana kwamba kuna mtu anayewakata.

Wimbo huo ulifika nafasi ya 4 katika orodha ya muziki wa Wamarekani Weusi na ukawa wimbo wa kwanza wa rap kupewa cheti cha dhahabu, kile cha mauzo makubwa. Santuri yenyewe ilikuwa ile kubwa ya inchi 12, aina ambayo hadi wakati huo ilikuwa imepata cheti kama hicho mara moja tu, kwa wimbo wa Barbra Streisand na Donna Summer.

Tazameni sasa majina ya watunzi: Moore, Smith, Walker, Ford, Simmons. Ni watano. Yupo aliyeandika mistari, yupo aliyeighani, yupo mwandishi wa gazeti, yupo meneja, na yupo mpiga besi. Katika studio zetu nimeshuhudia mtu akibuni mstari wa besi unaoubeba wimbo mzima kisha akaondoka na nauli ya daladala na asante, na jina lake halionekani popote. Siulizi ni nani alifanya hivyo. Nasema tu kwamba Larry Smith aliandikwa mwaka 1980, na kuandikwa huko ni sehemu ya sababu aliendelea kuwa mtu wa studio.

Mwaka huohuo Kurtis alikuwa rapa wa kwanza kusimama kwenye kipindi cha televisheni cha Soul Train, na mwenye kipindi, Don Cornelius, hakuficha mbele ya kamera kwamba haelewi watu wanapendea nini muziki huo. Wazee wetu hapa waliouita muziki wa kufokafoka wangemwelewa vizuri. Septemba ya mwaka huo, Kurtis alifungua jukwaa katika ukumbi wa Madison Square Garden kwa usiku miwili, kabla ya Bob Marley na kabla ya Commodores. Siku iliyofuata Marley alianguka akikimbia katika bustani ya Central Park, na maonyesho yale yakawa ya mwisho kwake jijini New York. Ni ajabu ya historia kwamba mtu wa reggae aliyekuwa anamaliza safari na mtu wa rap aliyekuwa anaianza walipishana kwenye ngazi za jukwaa moja.

Albamu zilizofuata, za 1981, 1982 na 1983, nazipita haraka, kwa sababu haki ya msikilizaji ni kuambiwa ukweli: zina nyimbo nzuri mbili tatu na nyingi za kujazia. Kampuni ilitaka albamu, wakati hip-hop ya siku hizo ilikuwa bado sanaa ya wimbo mmoja mrefu. Katika hizo napenda "Party Time?" ya 1983, ambamo Kurtis alikwenda Washington kuwatafuta E.U., bendi ya muziki wa go-go, ule mtindo wa mji mkuu wa Marekani ambao wimbo haukatiki, kongas hazilali, na mwimbaji huzungumza na watazamaji kwa majina ya mitaa yao. Alisikia undugu kati ya go-go na kile alichokuwa akikifanya kumbini, na huo ni usikivu wa mtayarishaji.

Mwaka huohuo wa 1983 yule mtoto alirudi. Joseph Simmons, sasa Run wa Run-DMC, alitoa santuri ambayo upande wake mmoja haukuwa na kitu zaidi ya mashine ya ngoma, mikwaruzo ya santuri na sauti mbili zinazopokezana kwa ukali. Hakuna besi, hakuna bendi, hakuna suti. Aliyeitayarisha pamoja na Russell Simmons ni Larry Smith, mpiga besi wa Kurtis. Kwa santuri moja, muziki wa Kurtis Blow uligeuka wa kizamani, naye alikuwa hajafikisha miaka ishirini na minne. Waliompita walikuwa meneja wake, mpiga besi wake na mwanawe wa jukwaani. Sijasoma popote kwamba aliwafungia mlango. Mwaka uliofuata, kwenye albamu yake "Ego Trip", aliwaalika Run-DMC wachane naye katika wimbo "8 Million Stories", na albamu hiyohiyo ndiyo yenye "Basketball", wimbo wa kuwataja wachezaji wa mpira wa kikapu ambao hadi leo huchezwa viwanjani.

Lakini jibu lake kubwa alilitoa akiwa upande wa pili wa kioo cha studio. Mwaka 1983 vijana watatu wanene kutoka Brooklyn, waliojiita Disco 3, walishinda shindano la vipaji katika ukumbi wa Radio City Music Hall. Wakabadilishwa jina wakawa Fat Boys, na aliyekabidhiwa albamu yao ya kwanza, ya 1984, ni Kurtis Blow. Mmoja wao, Darren Robinson, alikuwa akipiga ngoma kwa mdomo: teke la ngoma kubwa kwa midomo, toazi kwa meno, na katikati yake kuvuta pumzi kwa nguvu. Hapo ndipo mtayarishaji hupimwa. Ukimrekodi mtu kama huyo ukamfunika kwa vinanda, hakuna atakayeamini kwamba ni mdomo. Ukizisafisha zile pumzi, unaua mdundo wenyewe, kwa sababu pumzi ya Robinson ilikuwa inaangukia kwenye pigo, nayo ni chombo kamili. Sikilizeni "Human Beat Box": pumzi zimeachwa, ziko mbele, na mashine ya ngoma imewekwa mahali pengine katika albamu ili isishindane naye. Albamu ikapata dhahabu, na Kurtis akatayarisha na ya pili, 1985. Mimi naihesabu kazi hii kuwa juu ya albamu zake mwenyewe zote, na najua wapo watakaonibishia.

Mwaka 1985 ndio ulikuwa kilele chake cha pili. Albamu ya "America" aliitayarisha mwenyewe, na ndani yake mna "If I Ruled the World", wimbo uliosikika pia katika filamu "Krush Groove", ambamo Kurtis aliigiza kama yeye mwenyewe. Mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa wasanii walioungana katika "Sun City", wimbo wa kuususia ukumbi wa starehe uliojengwa ndani ya Bophuthatswana, mojawapo ya nchi za bandia za makaburu. Kwa Mtanzania jambo hili halikuwa la mbali: wakati ule wakimbizi vijana wa Afrika Kusini walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro, katika chuo kilichobeba jina la Solomon Mahlangu. Mwanzoni mwa 1986, Marekani ilipoadhimisha kwa mara ya kwanza sikukuu ya kitaifa ya Martin Luther King, Kurtis alikuwa mmoja wa watunzi wa wimbo wa pamoja wa kuisherehekea.

Mwaka huo wa 1986 pia alimweka mwimbaji mkongwe Bob Dylan kwenye wimbo wa ufunguzi wa albamu "Kingdom Blow". Dylan, katika kitabu cha kumbukumbu zake, anamtaja Kurtis kuwa ndiye aliyemfungulia masikio kuhusu Run-DMC, Ice-T, Public Enemy na N.W.A. Zingatieni orodha hiyo. Mtu ambaye muziki wake ulikuwa umepitwa na hao wanne ndiye aliyekuwa akizunguka kuwasifia kwa wakubwa.

Albamu yake ya 1988 haikuvuma, na hapo kazi ya kurekodi ikafifia. Miaka ya 90 alihamia Los Angeles akawa mtangazaji wa redio Power 106, akipiga nyimbo za zamani, na mwaka 1997 alisimamia mkusanyo wa historia ya rap uliotolewa na kampuni ya Rhino. Baadaye alirudi kwenye dini, akashiriki kuanzisha Harlem ibada ambazo mahubiri na sifa huchanwa juu ya midundo, na mwaka 2009 akawekwa wakfu kuwa mchungaji. Tangu 2014 amekuwa mfunguzi wa onyesho la jukwaani ambamo muziki wa Krismasi wa Tchaikovsky huchezwa breki. Kwa hiyo ile hesabu ya Ford na Moore kuhusu Desemba imeendelea kumlipa kwa njia ambayo hawakuiwaza. Desemba 2020 alipandikizwa moyo mwingine, na akarejea jukwaani.

Limebaki jina moja la kusoma. Mwaka 1996 Nas, rapa kijana wa Queensbridge, New York, alitoa "If I Ruled the World (Imagine That)" akiwa na Lauryn Hill kwenye kiitikio, na wimbo ukaenea dunia nzima, pamoja na hapa, ambako tayari Saleh Jabir alikuwa ameshaghani kwa Kiswahili juu ya mdundo wa Vanilla Ice na vijana wa Dar es Salaam walikuwa wakijifunza kuandika mistari yao wenyewe. Wengi waliounakili kwenye kanda hawakujua kwamba wazo na kiini cha kiitikio vina miaka kumi na moja. Lakini kwenye orodha ya watunzi ameandikwa Kurtis Walker, na mirabaha inafuata orodha hiyo, haifuati kumbukumbu za mashabiki.

Fundi mitambo amenionyesha ishara kwamba yuko tayari. Tutasikiliza nyimbo nne: "Christmas Rappin'", "The Breaks", "Human Beat Box", na "If I Ruled the World" ya 1985. Kila mmoja wenu amepewa karatasi yenye majina ya waliohusika. Katika huo wa pili, fuateni besi tangu mwanzo hadi mwisho. Katika wa tatu, hesabuni pumzi. Maswali tutayapokea baada ya hapo.